Deni Kabla ya Manowari: Uingereza Ilivyoingia Misri Mwaka 1882

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu msomaji, tunapoutaja ukoloni, mara nyingi fikra zetu huenda kwenye mizinga na bendera. Lakini dola haivuki bahari kwa gharama kubwa pasipo jambo inalolitaka. Katika nchi ya Misri mzinga ulikuja mwisho. Kabla yake yalikuja makampuni, kisha mikopo, kisha wakaguzi wa hesabu. Tukiifahamu njia hiyo tutafahamu pia kwa nini Sheria yetu imelifanya suala la deni kuwa zito.

Uingereza ilitaka nini?

Maslahi ya Uingereza nchini Misri yalikuwa matatu. La kwanza ni pamba. Viwanda vyake vya nguo vilitegemea pamba ya Marekani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko (1861–1865) vilipoikata biashara hiyo, pamba ya Misri ilipanda bei sana. La pili ni njia ya India. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869, na baada ya miaka michache zaidi ya robo tatu ya shehena iliyopita hapo ilikuwa katika meli za Kiingereza. La tatu ni fedha zenyewe. Matajiri wa London na Paris walikuwa na mitaji iliyotafuta faida kubwa kuliko ile ya nyumbani, na serikali ya Misri ilikuwa tayari kulipa riba.

Mwaka 1902 mwandishi wa Kiingereza J. A. Hobson alieleza kuwa mitaji ya namna hii ndiyo iliyozisukuma dola za Ulaya kuteka nchi za mbali. Wanahistoria wengine walimpinga, wakisema katika suala la Misri hofu juu ya Mfereji ilikuwa na uzito zaidi. Kwa hakika mambo haya mawili hayapingani. Mfereji uliwapa sababu ya kuitamani nchi, na deni likawapa mlango wa kuingilia.

Mikopo ilivyokua

Mkopo wa kwanza wa nje ulichukuliwa na Said Pasha mwaka 1862. Aliyemfuata, Khedivi Ismail (1863–1879), alijenga reli, mifereji ya kumwagilia mashamba, madaraja na shule. Alijenga pia makasri, na sherehe za kufungua Mfereji zilikuwa za anasa kubwa. Vita vya Marekani vilipokwisha bei ya pamba ilianguka, lakini matumizi hayakupungua. Pengo likazibwa kwa kukopa.

Kampuni ya Mfereji yenyewe ilikuwa mzigo. Mwaka 1864 Ismail alipotaka kurejesha ardhi na kuondoa kazi za kulazimishwa, shauri lilipelekwa kwa Napoleon III wa Ufaransa. Naye akahukumu Misri iilipe Kampuni faranga milioni 84.

Tuutazame mkopo wa mwaka 1873. Kwenye karatasi ulikuwa wa paundi milioni 32, lakini kilichoifikia Misri kilikuwa karibu milioni 20 tu. Iliyobaki ilikatwa mwanzoni kabisa, kwa kuwa hati za mkopo ziliuzwa chini ya thamani iliyoandikwa. Hata hivyo riba ilihesabiwa juu ya milioni 32 zote. Maana yake ni kwamba watu wa Misri walilipia hata fedha ambazo hazikuvuka bahari kuja kwao.

Novemba 1875 Ismail aliuza hisa za Misri katika Mfereji, zipatazo 176,000, kwa paundi milioni 4. Mnunuzi alikuwa serikali ya Uingereza. Waziri Mkuu Disraeli alikopa fedha hizo kwa tajiri Rothschild bila kulisubiri Bunge. Fedha hizo hazikutosha. Aprili 1876 Misri ilisimamisha malipo, na deni lote likahesabiwa kuwa takriban paundi milioni 91.

Wadai wakawa watawala

Mwezi Mei 1876 ikaundwa Hazina ya Deni la Taifa, chini ya makamishna wa Ulaya. Kodi za baadhi ya mikoa, mapato ya reli na ushuru wa forodha vikapelekwa moja kwa moja kwao. Mwaka 1877 zaidi ya nusu ya mapato ya serikali yalikwenda kwa wadai. Mwaka huohuo maji ya Mto Nile yalipungua mno, na njaa ikaua watu wengi Misri ya Juu. Kodi iliendelea kudaiwa.

Mwaka 1878 Mwingereza akawa Waziri wa Fedha na Mfaransa akawa Waziri wa Ujenzi. Ili kubana matumizi, maafisa wa jeshi wapatao 2,500 waliwekwa kando kwa nusu mshahara. Ismail alipojaribu kuwaondoa mawaziri hao, serikali za Ulaya zilimshinikiza Sultani wa Uthmaniya, naye akamuuzulu Juni 1879. Mwanawe Tawfiq akawekwa mahali pake.

Hapo ndipo aliposimama Ahmad Urabi, afisa aliyetokana na wakulima. Pamoja naye walikuwamo wanavyuoni, akiwemo Sheikh Muhammad Abduh. Mwanzoni mwa mwaka 1882 Baraza la Wawakilishi lilidai haki ya kuijadili bajeti, na hata hivyo ile sehemu tu ambayo haikuwekwa kwa ajili ya deni. Uingereza na Ufaransa zilikataa. Tarehe 11 Julai 1882, mwezi mmoja baada ya ghasia zilizoua watu mjini Iskandaria, manowari za Kiingereza ziliupiga mji huo mizinga. Tarehe 13 Septemba jeshi la Urabi lilishindwa Tel el-Kebir. Urabi alipelekwa uhamishoni Ceylon, na Sheikh Abduh naye akafukuzwa nchini.

Aliyetumwa kuiendesha Misri ni Evelyn Baring, baadaye Lord Cromer, mtu wa ukoo wa mabenki. Alikuwa ameingia Misri mara ya kwanza mwaka 1877 kama kamishna wa Hazina ya Deni. Wakati wake bwawa la Aswan lilijengwa (1902) na kilimo cha pamba kikapanuka, lakini nguo zilizofumwa Misri zilitozwa ushuru wa asilimia 8 sawa na zile za kutoka nje. Askari wa mwisho wa Kiingereza waliondoka mwaka 1956, baada ya miaka 74.

Athari zake zilifika hata kwetu. Ili kuilinda Misri, Uingereza ilitaka chemchemi za Nile zisiingie mikononi mwa dola nyingine. Mkataba wake na Ujerumani wa mwaka 1890 uliiweka Uganda upande wake, na mwaka huohuo Zanzibar ikafanywa nchi ya himaya.

Fiqhi inatufundisha nini?

Kwanza, aya za 275 hadi 279 za Suratul Baqara zimeharamisha riba na kuwatangazia vita wasioiacha. Na aya ya 280 inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Misri katika mwaka wa njaa haikupewa muda.

Pili, aya ya 282 imeagiza deni liandikwe, na mdaiwa ndiye amsomee mwandishi maneno yake, kwa kuwa hiyo ni ikrari juu ya nafsi yake. Wakulima waliolipa deni la Misri hawakuulizwa neno lolote.

Tatu, mafakihi wameweka kanuni kuwa mamlaka ya kiongozi juu ya raia yamefungwa na maslahi yao. Kanuni hii ni kifungu cha 58 cha Majalla, iliyotungwa Istanbul kati ya mwaka 1869 na 1876. Kwa hiyo lawama si ya mabeberu peke yao. Ismail alitia saini juu ya mali isiyokuwa yake. Akitokea mtu akasema ilikuwa dharura, tumjibu kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake, na kasri si dharura.

Ndugu msomaji, Mtume (SAW) alikuwa akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu kutokana na deni ndani ya Sala yake. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa mtu akidaiwa husema uongo na huvunja ahadi. Misri inatuonyesha kuwa taifa likidaiwa hupoteza pia uamuzi wake. Basi kiongozi anapotuletea habari ya mkopo mpya, tusifurahie kiasi chake tu. Tuulize kimeandikwa nini, fedha zitatumika wapi, nani atalipa, na dhamana ni nini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.