Kuruka kwa Upondo kwa Mwenye Kidogo

Wavuvi wa Bodo, Shirazi na Funzi hawahitaji kuelezwa upondo ni nini. Ni mti mrefu unaochomekwa chini penye maji madogo ili mtumbwi usogee. Mti wa jinsi hiyo ndio anaokimbia nao mwanariadha, akauchomeka, ukamwinua na kumvusha juu ya kipau. Huko Friesland, Uholanzi, watu wa mashambani walizoea kuvuka mifereji ya maji kwa miti mirefu, na hadi leo wanashindana kwa mruko huo. Basi mchezo huu, ingawa unaonekana wa kigeni, hauko mbali na maisha ya watu wa kandokando ya maji kama sisi.

Juma lililopita, baada ya sala ya Alasiri, tulipita katika uwanja mmoja hapa Ramisi, tukawakuta vijana wakijifunza mchezo huo. Upondo wao ulikuwa mti wa mvinje, kipau chao ufito, na mahali pa kuangukia palikuwa na magodoro mawili makuukuu yaliyolazwa sambamba. Kijana mmoja aliruka vizuri, lakini aliposhuka mguu wake uliingia katika mwanya baina ya magodoro. Alhamdulillahi, aliteguka kifundo tu. Mwalimu wao akatuuliza, "Sheikh wangu, tuwakataze?"

Swali hilo tulirudi nalo nyumbani. Sisi si wanariadha, kwa hiyo tumesoma na kuwauliza wajuzi. Jibu letu ni kwamba wasikatazwe, bali wajue ni wapi panapofaa kubana matumizi na ni wapi pasipofaa kabisa.

Uchache wa vifaa si aibu. Mwaka 1940 Cornelius Warmerdam wa Marekani alikuwa mtu wa kwanza kuruka mita 4.57, na upondo wake ulikuwa wa mwanzi. Upondo wa nyuzi za kioo, unaopinda kama upinde, ulienea baadaye, na kwa upondo wa aina hiyo Armand Duplantis wa Sweden aliruka mita 6.30 mjini Tokyo mwaka 2025. Hapa kwetu, Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mtandaoni, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72.

Tuanze na upondo wenyewe. Kwa anayeanza, usiopinda unatosha. Mwanzi mkavu, ulionyooka na usio na ufa, ndio ulio bora, kwa kuwa ni mwepesi. Uzungushiwe utepe imara baina ya vifundo, na ncha yake ifungwe mpira wa tairi la baiskeli. Mvinje ni mzito, na macho ya matawi yake huficha udhaifu. Boriti ya mkoko ni nzito zaidi, na mikoko haikatwi bila kibali. Bomba la maji la plastiki lisitumiwe kamwe. Kila siku, kabla ya mazoezi, upondo ukaguliwe kwa jicho na kwa kiganja, na ukionekana ufa hata mdogo, uwe kuni. Shule ikipewa upondo wa kisasa uliokwisha kutumika, isomwe alama ya uzito iliyoandikwa juu yake, kwani mrukaji hapaswi kuuzidi uzito huo.

Pili ni mahali pa kuuchomeka. Wiki za mwanzo hapahitajiki kisanduku wala kipau. Shimo la mchanga la kurukia mbali linatosha, mchanga ukichimbuliwa uwe laini. Kijana ashike upondo kwa kimo cha mkono wake ulionyooshwa juu, au shubiri moja zaidi, akimbie hatua tano au sita, auchomeke mchangani, kisha aning'inie na kutua kwa miguu miwili. Anayetumia mkono wa kulia huruka kwa mguu wa kushoto na kupita upande wa kulia wa upondo. Akishazoea, seremala atengeneze kisanduku cha mbao chenye urefu wa mita 1 na kina cha sentimita 20 mwishoni, upana wa sentimita 60 mbele ukipungua hadi 15 nyuma. Kizikwe kiwe sawa na ardhi.

Tatu ni kipau. Lastiki ya kushonea nguo ni bora kuliko ufito, kwani haimuumizi anayeiangukia. Nguzo zake ziwe mbali na mahali pa kutua.

Mwisho ni pale pa kuangukia, na hapa hapabanwi. Godoro la mashindano makubwa lina mita 6 kwa 6 na kimo cha sentimita 80. Magodoro ya nyumbani hayawi badala yake. Mafundi wa makochi wa Ukunda hubakiwa na vipande vya sponji. Vikijazwa tele katika nyavu kuukuu za wavuvi, zikashonwa pamoja pasiwe na mwanya, na kufunikwa turubai, huwa kitanda cha heri kwa miruko ya chini. Shule za Msambweni zingeweza pia kuchangishana zikanunua godoro moja la kweli la kutumia kwa zamu. Hadi siku hiyo, kipau kisipite kifua cha mrukaji.

Mafakihi wametufunza kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Mtoto ni amana mikononi mwa mwalimu wake, na shingo yake haina kipuri kinachouzwa dukani. Kimo cha kipau kinaweza kungoja mwaka mmoja au miwili.

Hayo ndiyo tuliyomjibu mwalimu. Kijana wake, kifundo kitakapopona inshallah, na aanzie mchangani.