Pindua Nguo Kwanza: Luku Inaanzia Ndani

Wasee wa luku, tuongee ukweli. Ukiingia Gikomba ama Toi kusaka mali, unachekinga nini kwanza? Rangi. Lebo. Saizi. Na ka ni camera, ile mali safi hutolewa ya kwanza mzigo ukifunguliwa, hata saizi hujali, unaishika kabla msee mwingine aishike. Unatoa doo, unahepa, wikendi unadunga, unaposti. Ndani ya nguo? Hakuna mtu huangalia. Na ndani ndo kuna ukweli wote.

Hebu pindua iyo shati. Fuata mshono wa ubavuni kutoka kwapani hadi kwa pindo. Ka ukingo wa kitambaa umefungwa na uzi unaozunguka, umekaa karibu karibu, hakuna kanyuzi hata kamoja kametoka nje, hiyo imepigwa ovaloki. Umepata. Ka ukingo uko uchi na tunyuzi tumeanza kuchungulia, iyo nguo ishaanza kukuaga, ni vile tu hujashtuka.

Msimamo wangu ni huu: dizaini inaweza kuwa moto, kitenge inaweza kuwa ya bei, lakini ka fundi aliruka kumaliza ukingo, umenunua nguo ya kupigia picha. Si ya kudunga.

Beseni haina huruma

Kitenge, satini, khaki, jinzi, hizo zote ni vitambaa vya kusukwa. Kuna nyuzi zinaenda urefu na zingine zinakatiza upana, zinapita juu, chini, juu, chini. Zinashikana ju zimebanana tu. Mkasi ukishapita, nyuzi za kando zinabaki bila kitu ya kuzishika, zinaanza kuteleza moja moja.

Sasa ongeza vile sisi hufua. Mtaani nguo nyingi zinafuliwa na mkono. Zinalowekwa kwa sabuni ya unga, zinasuguliwa ngumi kwa ngumi, zinakamuliwa hadi maji ya mwisho, afu zinaanikwa kwa kamba. Kila raundi ukingo unapoteza nyuzi kadhaa. Kinacholiwa ni ile nafasi fundi aliacha kati ya mshono na ukingo. Ka ni jamaa wa kubana kitambaa akakuachia sentimita moja hivi, nyuzi zikifika kwa mshono wenyewe, mshono unaachia. Na haukuangi na adabu ya kuachia ukiwa keja. Unaachia kwa mat, ukiinama kushuka steji, kila mtu akicheki.

Tisho na jezi ni form ingine. Hizo zimefumwa kwa vitanzi, hazimwagi nyuzi vile kitenge humwaga. Shida yao ni kuvutika na kujikunja kando. Ukizishona na mshono wa kunyooka, siku utaivuta kichwani kwa haraka utasikia uzi ukikatika. Ovaloki inavutika pamoja na kitambaa, inarudi pamoja nayo. Ndo maana tisho nyingi uko nazo kwa kabati zimeunganishwa na hiyo.

Cherehani iko na visu

Ovaloki haijazaliwa jana. Kampuni ya Merrow, iliyoanzia Connecticut, Marekani, ndo hupewa heshima ya kutengeneza ya kwanza, 1881. Na familia hiyo haikuanza na nguo. 1838 walikuwa wanatengeneza baruti. Kiwanda kikalipuka, wakajenga kingine hapo hapo, lakini cha kufuma. Kutoka kwa kazi ya kufuma wakafika kwa shida ile ile yako: ukingo usimalizike ovyo.

Kazi yake iko hivi. Cherehani ya kawaida iko na sindano juu na bobini chini. Ovaloki haina bobini. Iko na sindano moja ama mbili, na mikono miwili ya chuma inaitwa lupa, ya juu na ya chini. Sindano ikitoboa, lupa zinapitisha nyuzi zao huku na huku hadi zinakutana pale ukingoni na kuufunga. Na kabla kitambaa kifike kwa sindano, kuna visu viwili vinakipunguza kando, ndo kila kitu kitoke kimenyooka. Inakata, inashona na inafunga kwa mpigo mmoja. Zile za viwandani zinaweza kupita mishono 6,000 kwa dakika.

Ukitaka kuona, enda Uhuru Market, Jogoo Road, usimame kando ya mathe wa ovaloki ka dakika kumi. Koni nne za uzi ziko nyuma ya mashini, kila uzi unapanda juu ndo ushuke. Hashikangi kazi ya mteja saa hiyo hiyo. Anachukua kipande kilichobaki cha kitambaa hicho hicho, anakipitisha, anakivuta na vidole gumba viwili, anacheki mbele, anacheki nyuma. Ka uzi wa lupa ya juu umevuka ukingo ukaenda hadi nyuma, anajua ya juu imelegea ama ya chini imekazwa sana. Anazungusha kitufe kidogo tu, anajaribu tena. Nyuzi zikikutana pale pale ukingoni, sasa ndo anaitisha longi yako. Anakanyaga, mashini inanguruma, vipande vyembamba vya kitambaa vinaangukia gunia chini ya meza. Mwisho wa mshono anaacha mkia wa uzi kabla akate, ju akikata kavu hapo mwisho pataanza kufumuka.

Akibadilisha rangi, hawezi pitisha nyuzi zote upya. Anakata uzi wa zamani karibu na koni, anafunga fundo na uzi mpya, analegeza tensheni, anavuta pole pole hadi rangi mpya itokee mbele. Ya sindano pekee ndo anakata fundo na kuingiza mwenyewe, ju fundo halipiti kwa tundu la sindano.

Na ka wewe ndo unaingia kwa hiyo kiti, kuna sheria mbili. Pini zote zitoke kabla kitambaa kifike kwa visu, ju kisu kikikutana na pini, kisu kinaharibika na kipande cha chuma kinaweza kurukia jicho lako. Ya pili, kisu hakina kurudi nyuma. Ukikunja kitambaa bila kujua hapo chini, utakata tundu katikati ya gauni ya mtu, na hiyo kesi ni yako.

Huna ovaloki? Zigizagi inabeba

Ka uko na cherehani ya nyumbani ya stima, usilie. Kutoka kitambo watu wameshona ukingo bila lupa. Helen Blanchard, mama wa Maine, Marekani, alikuwa ashachukua hataza ya mashini ya mshono wa zigizagi 1873, miaka minane kabla ya ile ovaloki ya Merrow.

Seti hivi: upana wa milimita 4 hadi 5, urefu kedo milimita 2. Weka kitambaa ndo sindano ikienda kushoto itoboe ndani, ikienda kulia ianguke nje kidogo ya ukingo. Hapo ndo watu huchoma. Wengi hupiga zigizagi ndani kabisa, milimita kadhaa kutoka ukingoni, wanadhani wamemaliza. Bado. Uzi lazima uzunguke ukingo. Ka umepiga ndani, kata kitambaa kilichobaki nje, lakini usiguse mshono.

Kitambaa chepesi ka shifoni kitajikunja ndani ya zigizagi ka samosa. Punguza tensheni, punguza upana. Ama tafuta futi ya kumaliza ukingo. Hiyo futi iko na kichuma chembamba katikati na kizuizi upande wa kulia. Ukingo unaegemea kizuizi, uzi unapita juu ya kichuma, kitambaa kinakaa flati, mshono ukitoka unateleza nyuma umelala vizuri. Cherehani nyingi za nyumbani huuzwa ikiwa ndani ya boksi, na watu huiacha humo humo. Kabla ukanyage, zungusha gurudumu na mkono raundi moja pande zote mbili za zigizagi. Ka sindano inagusa kile kichuma, upana wako ni mdogo sana ama umechagua mshono wenye haufai. Ukikanyaga hivo, sindano inavunjika.

Sindano pia ipange. Namba 11 kwa shifoni na satini, 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Tisho inataka sindano ya ncha ya mviringo, yenye inasukuma kitanzi kando badala ya kukitoboa.

Ile nyeusi ya kukanyaga

Kuna fundi mtaani yuko na ile cherehani nyeusi ya kukanyaga, mshono wa kunyooka pekee, na nguo zake hazifumuki. Siri ni kuficha ukingo.

Kwa blauzi ya kitambaa chepesi, anashona kwanza sura ya ndani zikiangaliana, anapunguza kando, anapindua, anashona tena. Ukingo unafungiwa ndani ya mshono, hakuna kitu ya kufumuka. Kwa jinzi na khaki, anakunja upande mmoja juu ya mwingine, anapiga mistari miwili. Cheki ndani ya mguu wa jinzi kali, utaipata hiyo. Kwa koti lisilo na bitana, anakata ukanda wa kitambaa kwa mshazari na kufunika kila ukingo. Hiyo inakula masaa, lakini nguo ukiipindua unaweza kuidunga ikiwa ndani nje na hakuna mtu atabonga.

Na ka haraka imekushika, mkasi wa meno meno utasaidia kitambaa kizito kidogo. Kwa satini, hiyo ni kupaka hewa rangi.

Upangaji wa kazi

Longi na sketi za fundi makini hupigwa ovaloki vipande vikiwa bado havijaunganishwa. Baadaye mshono unafunguliwa katikati na kupigwa pasi, kila upande umelala kivyake. Faida yake utaiona ukinona: kuna nafasi ya kufungua kiuno. Ka kila kitu kimeshikanishwa na kukatwa na kisu, hiyo nafasi ishaenda na gunia. Ambia fundi mapema unataka ipi.

Ukipeleka mtumba ipunguzwe, simamia hapo hapo. Kuna mafundi hupunguza shati, wanaacha ukingo mpya uchi, wanakurudishia ikiwa imepigwa pasi safi. Camera yako imeingia ikiwa na ovaloki ya kiwandani, imetoka ikiwa na ukingo wa beseni tatu.

Na hapa kuna doo

Mayuthi wengi wakifikiria fesheni wanafikiria lebo na jina. Lakini kila soko ya mafundi inahitaji msee wa ovaloki, ju mafundi wengi wana mashini ya kunyooka pekee. Wanakata, wanakuletea marundo, unapitisha, wanaenda kushona. Bei ya nguo moja ni coins, lakini Januari shule zikifunguliwa, hayo marundo ya sketi na kaptula za yunifomu yanakuanga marefu. Anza na koni nyeusi, nyeupe, navi na kijivu, utafunika kazi nyingi. Safisha vumbi la kitambaa ndani ya mashini kila jioni, weka mafuta, badilisha sindano kabla ivunjike.

Ukitaka cheti, NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa gredi, ya III ndo ya kuanzia. Na kule Athi River, viwanda vya EPZ hushona nguo za kwenda nje, na Marekani ndo soko kubwa. Huko kuna msee anashinda kwa ovaloki siku nzima, mshono mmoja, na akikosea kipande kinarudishwa. Mnunuzi wa huko hupindua nguo kabla alipe.

Sasa wewe wa hapa Kanairo uko na macho ka yeye. Usione aibu kupindua nguo mbele ya muuzaji. Usione aibu kuuliza fundi, "Hii utapiga ovaloki ama?" kabla utoe deposit. Na wewe fundi, weka hiyo kazi kwa bei yako waziwazi, usiiruke ndo ushushe bei, ju mteja akirudi na mshono umeachia, jina lenye litaharibika ni lako.