Ukipangwa bendi isiyokufaa, kata rufaa

Wiki jana nilikuwa Nairobi, nikapita soko la Burma kumjulia hali shangazi, muuza matumbo. "Nduguyo kapangwa bendi ya tano," akaniambia. "Ya wenye nacho! Mimi ninacho?"

Mfumo huu wa kufadhili vyuo vikuu ulianza 2023. Serikali hupima hali ya familia, kisha humpanga mwanafunzi katika bendi. Wa bendi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 ya karo na mkopo 25, mzazi akatoa 5. Wa bendi ya tano hupewa ufadhili 30 na mkopo 30. 40 ni za mzazi. Pengo hilo ndilo linalowarudisha vijana nyumbani.

Tulipotazama fomu, kumbe aliyemjazia kule saiba aliandika mauzo yote ya shangazi kama kipato, bila kutoa pesa ya mzigo.

Rufaa haitaki wakili. Mwanafunzi huingia akaunti yake ya HEF, ile ile aliyoombea, akaeleza kilichokosewa na kuambatisha ushahidi. Kuandika "sisi maskini" hakutoshi, kila mtu asema hivyo. Weka risiti za karo ya ndugu zake, cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki, barua ya chifu.

Ni kweli Mahakama Kuu iliukataa mfumo huu Desemba 2024, na kesi ikapanda Mahakama ya Rufaa. Msingoje majaji.

Shangazi alipangusa mikono, akatoa daftari lake la mzigo. Tukalipiga picha, ukurasa kwa ukurasa.