Upasuaji ukikukuta viazi viko shambani

Leo siongelei mbolea.

Msimu uliopita nilimtembelea mkulima wangu mmoja, nje kidogo ya Makambako. Nikakuta bomba la kunyunyizia limelala tu na ukungu umeanza kuingia kwenye viazi. "Bwana shamba, siwezi kubeba hata lita tano, ngiri inanimaliza," akaniambia. Daktari alishasema afanyiwe upasuaji, gharama laki nne. Dalali alikuwa tayari kumpa laki sita achukue ekari nzima vikiwa shambani.

Nikamwambia tupige hesabu kwanza, ila haraka. Ngiri si ya kuchezea: utumbo ukibanwa ukaanza kutapika na maumivu makali, hiyo ni dharura, unakimbia hospitali siku hiyohiyo, hela baadaye.

Tulifanya hivi:

1. Tuliomba hospitali makadirio kwa maandishi, tujue tunatafuta shilingi ngapi.

2. Tulienda kwenye kikundi chake cha hisa. Mfuko wa jamii ukatoa laki moja, akakopa laki mbili.

3. Aliuza gunia mbili za mahindi ya ghalani, ikapatikana laki iliyobaki.

4. Daktari alimkataza kubeba mizigo wiki 6, kwa hiyo wanakikundi walinyunyiza dawa kwa zamu.

Alivuna gunia 38, akauza shilingi 45,000 kila moja. Hiyo ni 1,710,000. Ukitoa gharama zote na mkopo, bado laki sita za dalali haziwezi kulingana nayo.

Na asiye na kikundi wala akiba? Aende kwa mtendaji wa kijiji apewe barua, kisha aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya serikali kabla ya kulazwa. Utaratibu wa msamaha upo, wengi hawaulizi tu.

Mwisho, bima. CHF iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ulizia ofisi ya kijiji utaratibu na kiwango cha sasa, pia kama upasuaji wako unalipiwa na kwa hospitali zipi. Jiunge ukishauza mavuno, hela ikiwa bado mkononi. Usingoje uugue.

Mbegu unaitenga mapema kabla hujauza viazi. Hela ya bima nayo itenge hivyohivyo.