Barabara ya Changarawe Inaweza Kuleta Mapato: Mfano wa Vilima vya Chianti

Katika mikutano mingi ya ushiriki wa umma, ombi la kwanza la wananchi huwa ni lami. Ni ombi la haki. Barabara ya vumbi ikiharibika, maziwa huchelewa kufika kiwandani, mama mjamzito huchelewa kufika hospitalini na mazao huozea shambani. Hata hivyo, lipo eneo moja nchini Italia ambako baadhi ya wakazi waliona barabara zao za changarawe zikitoweka chini ya lami, wakajitokeza kuzitetea. Leo waendesha baiskeli kutoka nchi nyingi hulipa nauli ya ndege ili wapande vilima kwenye barabara hizo. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea na mambo ambayo kaunti zetu zinaweza kujifunza.

Chianti na barabara zake nyeupe

Chianti ni eneo la vilima kati ya miji ya Florence na Siena, katika mkoa wa Tuscany. Linajulikana kwa mvinyo mwekundu unaotengenezwa hasa kwa zabibu aina ya Sangiovese. Mwaka wa 1716, mtawala wa Tuscany, Cosimo III, alitangaza rasmi mipaka ya eneo hilo la mvinyo, ili jina la Chianti lisitumiwe ovyo na wafanyabiashara.

Mashamba ya mizabibu na mizeituni yametapakaa kwenye miteremko, na nyumba za wakulima ziko mbalimbali. Ili kuziunganisha, barabara nyembamba zilichongwa kufuata migongo ya vilima na kutiwa mawe madogo ya papo hapo. Kwa kuwa mawe hayo yana chokaa, barabara zina rangi nyeupe. Waitaliano huziita strade bianche, yaani barabara nyeupe.

Hadi katikati ya karne ya 20, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ililimwa na familia zilizogawana mavuno na mwenye shamba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mfumo huo uliporomoka. Vijana walihamia mijini kutafuta kazi viwandani na nyumba nyingi za mashambani zikabaki tupu. Kadiri miaka ilivyosonga, baadhi ya barabara ziliota magugu na nyingine zikatiwa lami.

Mashindano yaliyookoa barabara

Mwaka wa 1997, Giancarlo Brocci alianzisha mashindano ya baiskeli yaitwayo L'Eroica katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti. Walioshiriki mara ya kwanza walikuwa 92. Lengo lilikuwa kuonyesha kwamba barabara nyeupe ni urithi unaostahili kulindwa. Washiriki hutumia baiskeli za zamani, zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 1987, na njiani husimama kula vyakula vya kienyeji pamoja na mvinyo wa eneo hilo. Njia ndefu zaidi ina kilomita 209. Njia hiyo imewekewa vibao vya kudumu, hivyo mgeni anaweza kuifuata wakati wowote wa mwaka, hata kama hakuna mashindano.

Miaka 10 baadaye, mwaka wa 2007, yalianza mashindano ya wataalamu ambayo sasa yanaitwa Strade Bianche. Humalizikia katika uwanja wa Piazza del Campo mjini Siena, baada ya kupanda mtaa ambao mwinuko wake hufika asilimia 16. Mashindano ya wanawake yaliongezwa mwaka wa 2015. Kupitia televisheni, vumbi jeupe la Tuscany limeonekana duniani kote.

Baiskeli inayotumika

Mbali na baiskeli za zamani za L'Eroica, wageni wengi siku hizi hutumia baiskeli iliyoundwa kwa ajili ya changarawe. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli ya mashindano, lakini magurudumu yake ni mapana. Tairi la baiskeli ya lami huwa na upana wa milimita 25 hadi 30 hivi, ilhali la changarawe huwa kati ya milimita 35 na 50. Tairi pana hujazwa upepo kidogo, hivyo hubonyea linapokutana na jiwe badala ya kurukaruka. Gia zake nyepesi humwezesha mwendeshaji kupanda mlima akiwa ameketi. Akisimama, uzito huondoka kwenye gurudumu la nyuma nalo huteleza.

Mwenye kubeba maziwa kwa black mamba kwenye barabara ya milimani anaijua kanuni nyingine muhimu: punguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona, kwani kufunga breki ghafla katikati ya kona yenye changarawe ni kujiangusha.

Jinsi fedha zinavyobaki kijijini

Mtalii wa gari anaweza kupita vijiji kumi kwa saa moja bila kushuka. Mwendesha baiskeli anayepanda vilima kwa kilomita 15 kwa saa huhisi njaa, kiu na uchovu. Hana nafasi ya kubeba mizigo, kwa hivyo hununua chakula njiani na kulala karibu.

Italia ilijiandaa kumpokea mgeni wa aina hiyo. Mwaka wa 1985 nchi hiyo ilipitisha sheria ya utalii wa mashambani, inayomruhusu mkulima kulaza na kulisha wageni kwake kwa sharti kwamba kilimo kibaki kuwa kazi kuu ya shamba. Nyumba zilizokuwa tupu zilipata wapangaji, na mkulima akapata soko la mvinyo, mafuta ya zeituni na jibini bila kutoka nyumbani.

Changarawe haijitunzi

Jambo ambalo mgeni haoni kwa urahisi ni kazi ya kuzitunza barabara hizo. Adui wa kwanza wa changarawe ni maji. Barabara nzuri huwa na mgongo: katikati huwa juu kuliko kingo, kwa mteremko wa takriban asilimia 4 hadi 6, ili mvua itiririkie mitaroni. Kwa barabara yenye upana wa mita 5 na mteremko wa asilimia 5, katikati huwa juu kwa sentimita 12 hivi. Mgongo huo ukisawazika, maji husimama, mashimo huanza na msimu mmoja wa mvua hutosha kuiharibu kazi yote.

Kwa barabara ndogo za mashambani zinazotumiwa pia na umma, sheria ya Italia tangu mwaka wa 1918 inawaruhusu wenye mashamba kuunda vyama vya kuzitunza, huku manispaa ikichangia sehemu ya gharama. Changarawe ya Chianti imedumu kwa sababu kuna watu wanaojulikana ambao ni wajibu wao kuitunza.

Hapa nchini

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la barabara za kaunti, utalii wa mashinani na kilimo. Mambo matatu yaliyoiinua Chianti, basi, yako chini ya paa moja.

Mashindano ya changarawe pia si mageni Kenya. Migration Gravel Race yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka wa 2021 katika eneo la Maasai Mara, yakikutanisha waendeshaji wa Afrika Mashariki na wa nchi za nje. Mkenya Suleiman Kangangi, aliyekuwa mstari wa mbele kuukuza mchezo huu, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya changarawe katika jimbo la Vermont, Marekani. Kifo chake kinakumbusha kwamba usalama kwenye miteremko ni jambo la kupangwa mapema.

Mfano wa Chianti hauondoi haja ya lami. Barabara kuu, za hospitali na za masoko bado zinaihitaji. Lakini barabara nyembamba zinazokata mashamba ya chai na kahawa milimani huenda zisipate lami kwa muda mrefu, na kuzisubiri bila kuzitunza ni hasara maradufu.

Mwananchi anaweza kuanza leo kwa hatua hizi:

• Usilime wala kutupa taka kwenye mtaro wa barabara.
• Usielekeze maji ya shamba au ya paa barabarani.
• Kalavati ikiziba, toa taarifa kwa ofisi ya msimamizi wa wadi kabla ya mvua kuanza.
• Hudhuria mikutano ya bajeti na uulizie fedha za ukarabati, pamoja na zile za barabara mpya.