Kabla ya Kutuma Pesa ya Miche ya Bluberi, Lipia Udongo Kwanza

Tangazo linaingia kwenye simu yako kupitia grupu la chama. Picha ya beri za rangi ya buluu iliyokolea, maneno "mche mmoja utakulisha miaka ishirini", na chini yake namba ya simu: tuma arbuni leo, miche imebaki michache. Kama unaishi Kehancha, Mabera, Isebania au Ntimaru na umechoka kukata kuni za kukausha tumbaku, tangazo kama hilo linagusa mahali penyewe. Pesa ya msimu imeingia, iko kwenye simu, na kidole kiko tayari.

Ngoja kidogo. Bluberi si ulaghai. Ni tunda halisi na Kenya linalimwa. Kakuzi, kampuni ya Makuyu kule Murang'a inayojulikana kwa parachichi na makadamia, inalo shambani. Lakini mmea huu una sharti moja ambalo wauzaji wengi wa miche hawalitaji: udongo. Ukikosea udongo, hata mche bora utageuka manjano na kufa polepole, na pesa yako itakuwa imeenda nao.

Mmea unaopenda uchachu

Mahindi, maharagwe na mboga hupenda udongo ambao hauna uchachu mwingi. Ndiyo maana maafisa wa kilimo huwaambia wakulima wengi wa upande huu wa nchi waweke chokaa. Bluberi ni kinyume. Inataka udongo wenye uchachu wa pH kati ya 4.5 na 5.5. Kumbuka, pH 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyoongezeka.

Jambo hili halikujulikana tangu zamani. Kule Marekani watu walikuwa wakichuma bluberi porini, lakini wakizihamishia shambani kwenye udongo mzuri wenye rutuba, zinadhoofika. Mwaka 1910 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, alichapisha majaribio yake yaliyoonyesha kwamba mmea huu unahitaji uchachu. Akashirikiana na Elizabeth White, mkulima wa New Jersey, na mwaka 1916 wakauza mavuno ya kwanza ya bluberi za kupandwa. Yaani biashara ya bluberi za kupandwa ilianza na mtu aliyechunguza udongo.

Kwa hiyo shilingi yako ya kwanza iende kwa kipimo, si kwa mche.

Jinsi ya kuchukua udongo wa kupima

Tembea shambani kwa mwendo wa kupindapinda na uchimbe sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20 hivi. Epuka mahali palipokuwa boma la ng'ombe, kichuguu, au pale mnapomwaga jivu la jikoni. Changanya udongo wote kwenye ndoo safi, chukua kama nusu kilo, weka kwenye mfuko safi na uandike jina lako na la shamba.

Uliza ofisi ya kilimo ya Kuria Magharibi hapo Kehancha ikuelekeze mahali pa kupeleka. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, lina maabara ya udongo Kabete, Nairobi, na kuna maabara za kibinafsi pia. Ukilipia kwa simu, tumia namba rasmi ya malipo ya maabara yenyewe, na uhifadhi ile meseji. Hiyo ndiyo risiti yako.

Majibu yakirudi, yasome hivi:

- pH 4.5 hadi 5.5: endelea na maandalizi.
- pH 5.5 hadi 6.5: unaweza kuishusha kwa salfa ya shambani. Kiasi kinategemea aina ya udongo, kwa hivyo fuata ushauri wa maabara, usikisie.
- pH 7 na zaidi: usipigane na shamba. Panda kwenye vyombo vikubwa vilivyojazwa mchanganyiko wa uchachu, au chagua zao lingine.

Kama shamba uliliweka chokaa juzi kwa ajili ya mahindi, tafuta sehemu nyingine.

Kutayarisha tuta

Salfa haifanyi kazi usiku mmoja. Vijidudu vya udongoni ndivyo huibadilisha kuwa uchachu, na kazi hiyo huchukua miezi. Ukitaka kupanda mvua ndefu ya Machi ikianza, pima udongo Septemba, weka salfa Oktoba, kisha pima tena Februari. Muuzaji akikuambia "panda wiki hii", ujue hauzi bluberi. Anauza haraka.

Mizizi ya bluberi ni myembamba na mingi hukaa sentimita 30 za juu. Haina nguvu ya kupenya udongo mgumu na haivumilii maji yaliyotuama. Jaribu hivi: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, rudi kesho yake. Yakiwa bado yapo, shamba hilo linashika maji. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30, upana kama mita moja.

Changanya tuta na kitu cha kulegeza udongo: maranda ya fundi yaliyokaa na kuoza, majani makavu ya msonobari, au kokopiti ya dukani. Mbolea mbichi ya kuku usiweke. Ina chumvi nyingi na inaweza kupandisha pH. Jivu la jikoni ndilo baya zaidi, maana linafanya kazi ya chokaa. Na mbolea ya CAN, ile tunayowekea mahindi, iache kwa mahindi: ina kalisi na naitreti, na bluberi hustawi zaidi kwa mbolea ya salfeti ya amonia, kidogo kidogo.

Siku ya kupanda

Acha nafasi ya mita moja kati ya mche na mche, na mita 2.5 hadi 3 kati ya mstari na mstari. Toa mche kwenye mfuko wake, legeza mizizi iliyojizungusha, na upande kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni. Mwagilia, kisha funika kwa matandazo ya sentimita 7 hadi 10, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina.

Maji ya mvua yanafaa kuliko ya kisima, kwa sababu maji mengi ya kisima yana chumvichumvi inayopandisha pH polepole. Paa la mabati, gata na tangi ni sehemu ya shamba la bluberi.

Mwaka wa kwanza toa maua yote. Inauma, lakini mche unajenga mizizi. Mavuno kidogo huanza mwaka wa pili au wa tatu, na kichaka hukomaa kabisa baada ya miaka kadhaa zaidi. Tumbaku au mahindi hukupa pesa msimu huohuo. Hili halifanyi hivyo, na usikope mkopo wa simu wa mwezi mmoja kwa zao la miaka mitatu.

Gawa pesa kabla ya kuituma

Tuseme umeweka kando shilingi 20,000. Hizi si bei za soko, ni mfano wa mgao tu:

- 2,000: kupima udongo mara mbili, pamoja na nauli.
- 6,000: salfa, kulegeza tuta na matandazo.
- 4,000: maji.
- 8,000: miche.

Umeona miche inakuja mwisho? Ziweke pesa hizi kwenye akiba ya simu kwa majina tofauti, au zifunge hadi mwezi wa kuzihitaji. Kipimo cha kwanza kikikataa, umetumia sehemu ndogo tu, na zilizobaki bado ni zako. Kwa tangazo la kwenye grupu, ungekuwa umeanza na zile 8,000.

Anza na vichaka vichache. Kabla ya kuongeza, tafuta mnunuzi. Bluberi ni tunda la kuwekwa kwenye baridi haraka baada ya kuchumwa, na kutoka Kehancha hadi duka kubwa la Kisumu ni safari.

Ukifika wakati wa kulipa kitalu

1. Uliza aina ya mche. Huku kwetu hakuna baridi kali ya miezi kadhaa, kwa hiyo tafuta aina zisizohitaji baridi nyingi, kama Misty au Biloxi. Panda aina mbili ili nyuki wachavushe vizuri.
2. Uliza kama kitalu kimesajiliwa. Vitalu vya matunda husajiliwa na Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, na KEPHIS husimamia afya ya mimea, ikiwemo inayotoka nje.
3. Lipa kwa namba ya biashara, si namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Likitofautiana na la kitalu, simama hapo.
4. Lipa sehemu, malizia ukiwa umeshika miche.
5. PIN yako usimpe mtu, hata akisema ni wa kampuni ya simu.

Na tuseme ukweli hapa. Ukikosea namba, tupigie mara moja kabla pesa haijatolewa, tutajaribu kuirudisha. Lakini ukimtumia mtu uliyemkusudia, kisha miche isifike, hiyo si pesa iliyopotea njia. Ni mzozo kati yako na muuzaji, na njia yake ni polisi, ukiwa na meseji zako mkononi. Kitufe cha kurudisha hakitibu biashara mbaya. Ndiyo maana tunakuomba upime kabla ya kutuma.

Shamba lako lina jibu tayari. Nusu kilo ya udongo kwenye mfuko itakuambia kama zao hili ni lako au la, na itakuambia kwa bei ndogo kuliko tangazo lolote. Mtumie makala hii mwenzako wa chama kabla hajatuma arbuni.