Fahamu: Kwa nini Copacabana huvaa nyeupe mkesha wa Mwaka Mpya

Desemba ni kiangazi Rio de Janeiro, na usiku wa tarehe 31 ufuo wa Copacabana, wa kilomita 4 hivi, hufurika watu. Wengi huvaa nyeupe. Desturi hiyo inahusishwa na dini za Wabrazili wenye asili ya Afrika, wanaomheshimu Iemanjá, mungu wa kike wa bahari aliyevuka Atlantiki pamoja na Wayoruba waliouzwa utumwani. Utaona vimashua vya maua na manukato vikisukumwa majini, na watu wakiruka mawimbi saba, kila wimbi na ombi lake. Kwangu, hilo linazidi fataki zote.

Msafiri wa begi mgongoni, tafuta kitanda cha hosteli mapema: bei hupanda sana msimu huo. Na maua ya watu usiyakanyage.